Namba Nyekundu ya Bi Mkunga

Mtaani kwetu palikuwa na mwanamke aliyepima kelele za magari kwa simu, na kabla sijasema lolote jengine niseme wazi kwamba mwanamke huyo alikuwa hasikii. Si kwamba hakusikia kabisa. Mingurumo mizito ilimfikia kwa mbali, kama mtu anayeburura godoro chumba cha pili, asiweze kujua umeanza lini wala umekoma lini. Maneno ya watu, yakisemwa kwa sauti ya kawaida, yalikuwa hayamfikii tena. Sisi majirani tulikuja kulijua hilo sote kwa pamoja, asubuhi moja, na namna tulivyolijua ndiyo inayonifanya mpaka leo niharakishe mwendo nikipita chini ya dirisha lake.

Tukimwita Bi Mkunga. Jina lake la nyumbani watu wengi wa rika langu hatukulijua, wala hatukuuliza. Alikuwa ameshastaafu miaka mingi, lakini nusu ya watu wa kichochoro kile walikuwa wamepita mikononi mwake, mimi nikiwamo, na alikuwa hasahau. Ukimkosea atakwambia ulizaliwa vipi.

Katika miaka yake ya kazi, masikio yale yalikuwa mali ya mtaa mzima. Dada yangu aliposhikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza, gari la hospitali lilichelewa, basi aliitwa yeye. Nakumbuka alivyofungua dirisha la juu akatoa mkono nje, kiganja wazi. Muuza kahawa aliyekuwa akipita chini akaacha kugonganisha vikombe vyake. Wanaume waliokaa barazani wakanyamaza katikati ya neno. Kichochoro kizima kikawa kimya, na ndani Bi Mkunga akainama na kile kipembe chake cha mbao, upande mmoja tumboni mwa dada, upande mmoja sikioni mwake, macho kayafumba. "Yupo," akasema. "Ana haraka kuliko mama yake." Kisha akafunga dirisha, na huko nje vikombe vikaanza tena kulia.

Alikuwa na maneno yake. "Mtoto huanza kusema kabla hajazaliwa, kazi ni kumsikiliza," alipenda kusema, na neno hilo alilisema hata pale ambapo halikuhusika, kama vile fundi bomba alipokuja kutafuta mahali maji yanapovuja. Mwanamke aliyepiga ukelele wakati wa uchungu hakumkemea kamwe. Aliyemkemea ni mume aliyepiga ukelele nje ya mlango.

Pia alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Alichukia honi, lakini harusi ikipita na matarumbeta alikuwa wa kwanza kutoka na leso kichwani. Alilalamika kwamba mtaa umejaa makelele, na huku televisheni yake ikisikika mpaka kona ya msikiti. Hakupenda watu wanaokatiza mazungumzo, na katika miaka ya karibuni alianza kuyakatiza yeye: mtu yuko katikati ya hadithi ya msiba, Bi Mkunga anauliza bei ya ndizi. Na lililotuumiza zaidi ni kwamba aliacha kuitikia salamu. Unapita, unainamisha kichwa, unasema shikamoo, naye anatazama mbele kama hakukuona. Mara nyengine huitikia, mara nyengine hapana. "Kashakuwa mkubwa huyu," mama yangu alisema siku moja. "Sasa anachagua wa kumwitikia." Niliamini. Niliyaona yote hayo, moja moja, na mimi ni mtu wa kutazama. Nikayapanga vizuri kabisa, nikayapa jina la kiburi.

Sasa nieleze habari ya gari.

Mdomoni mwa kichochoro chetu pana nafasi ya gari moja tu, kwani ndani hata mkokoteni hupita kwa taabu. Nafasi hiyo ilikuwa ya Dereva, jirani yetu wa mlango wa tatu, anayepeleka watalii Kizimkazi kutazama pomboo na wengine Paje kwenye mchezo wa kuvutwa na tiara juu ya maji ya bahari. Ilikuwa yake kwa makubaliano ya watu, kwa sababu mama yake miguu ilikuwa haimchukui. Kila alipokwenda kliniki alibebwa kutoka mlangoni mpaka garini, na kutoka mdomo wa kichochoro hatua zilikuwa chache. Watu wachache walimwona akibebwa. Kwa mama yule hilo halikuwa jambo dogo. Ni mtu aliyekuwa hatoki bila ya buibui lililopigwa pasi.

Gari lenyewe lilikuwa zee. Ekzosi yake ilikuwa imetoboka, na kila alfajiri Dereva alilipasha moto kabla ya safari. Siwezi kusema lilikuwa kimya. Lilinguruma. Lakini katika watu wote, aliyelishupalia ni Bi Mkunga.

"We mtoto, hili gari au mashine ya kusaga?" alimwambia kutoka dirishani.

"Shikamoo, Bi Mkunga. Hili gari. Mashine ya kusaga ina adabu zaidi."

"Siku uliyozaliwa ulikuja kimya kama jiwe. Nilikupiga makofi mawili ndipo ukalia. Ningelijua, ningelikupiga moja!"

Barazani watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bi Mkunga naye akacheka, lakini baada yao, baada ya kuwatazama usoni. Nililiona hilo pia.

Siku hizo nilidhani anaonea. Sasa naona kwamba mtu anayelalamika kelele hakuna atakayemdhania kuwa hasikii. Kila alipopiga ukelele kuhusu gari lile alikuwa anatwambia: masikio yangu ni yale yale.

Aliyeleta simu katika ugomvi huu ni Dereva mwenyewe. Alichoka kubishana. "Bi Mkunga, mimi na wewe hatutawezana kwa maneno," alisema. "Ipo programu ya simu inapima kelele. Nnakutilia kwako, usije ukasema nimeichezea. Ikisema gari langu baya, nshanyamaza." Akaichukua simu ya Bi Mkunga, kubwa, yenye mfuko mnene wa ngozi, aliyoletewa na binti yake kutoka Maskati, akaitia programu ile, akamwonesha. Nilikuwepo. Juu kulikuwa na namba ndogo nyeupe inayopanda na kushuka kila wakati: hiyo ndiyo sauti ya sasa. Chini yake kulikuwa na namba kubwa nyekundu iliyotulia: hiyo ndiyo sauti kubwa kuliko zote tangu programu ilipofunguliwa. Dereva alimweleza yote hayo vizuri, kichwa kakiinamisha kwenye kioo, kwa sauti ya chini, sauti ambayo kijana wetu yeyote huitumia akizungumza na mtu mzima. Bi Mkunga aliitikia kwa kichwa mara kadhaa.

Hakusikia hata neno moja.

Basi akaisoma ile aliyoweza kuiona, kubwa na nyekundu. Na kwa kuwa programu hakuifunga kamwe, namba ya mlango uliopigwa na upepo asubuhi ilibaki pale mpaka jioni. Kelele za pikipiki iliyopita adhuhuri alihesabiwa Dereva akirudi alasiri. "Tisini na mbili!" Bi Mkunga alitangaza, simu kainyoosha nje ya nondo za dirisha. "Tisini na mbili, na hata hajafunga breki!"

Kwa wiki kadhaa alikuwa mtu mwenye furaha. Watu walimletea vitu vya kupimwa: mashine ya juisi ya duka la kona, feni ya msikiti, mbuzi aliyenunuliwa kwa ajili ya Idi. Mzee mmoja wa barazani akamwandikia kwenye kipande cha karatasi, kwa mzaha, ampimie mkewe. "Wako hana haja ya kupimwa," Bi Mkunga akajibu. "Huyo anasikika mpaka Mkokotoni." Kila kitu kilitoka na namba, na kila namba ilikuwa kubwa. Alikuwa tena mtu anayeulizwa, anayeinama na kutoa jawabu huku wengine wakisubiri.

Mimi namba zile zilinitia shaka. Niliitia programu ile ile kwenye simu yangu na nikamwomba Dereva anisaidie. Tulilipima gari lile lile kichochoroni, kisha tukalipeleka barabara ya pwani palipo wazi. Kichochoroni namba ilipanda sana, kwa sababu kuta za mawe zinairudisha sauti, pwani ikashuka. Tukaziweka simu mbili bega kwa bega, zikatoa majawabu mawili. Nilipofunika kitundu cha chini cha simu kwa kidole, gari likawa mpole kama paka. Simu imeundwa kuchukua sauti ya mtu aliyeiweka karibu na mdomo. Ya injini inaikisia, na kila simu inakisia kivyake. Inaweza kukwambia gari hili leo lina kelele kuliko jana, ukisimama pale pale na kushika vile vile. Kumhukumu mtu haiwezi.

Nilimweleza sheha, kiongozi wa mtaa wetu, hayo yote, kwa sababu Bi Mkunga alikuwa ameshampelekea malalamiko rasmi. Alitaka gari liondolewe mdomoni mwa kichochoro, likalazwe uwanjani ng'ambo ya barabara kubwa. Sheha alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekufahamu," alisema. "Lakini wanangu wote kawatoa yeye. Nimwambie simu yako ina makosa? Nenda kamwambie wewe."

Sikwenda. Tukakubaliana tu kwamba atakuja asubuhi, gari liwashwe, na simu tatu ziwekwe pamoja mbele ya watu: ya Bi Mkunga, ya Dereva na yangu. Namba zikiwa mbaya, gari liondoke. Dereva hakulala vizuri. Alinambia, "Mama kanambia, ukilipeleka gari uwanjani mimi kliniki siendi tena. Sibebwi barabarani nikatazamwa na watu wa maduka."

Asubuhi hiyo jua lilikuwa limeshapanda. Simu tatu zikapangwa juu ya baraza. Sheha akasimama, muuza kahawa akatua birika lake, wanawake wakajaa madirishani. Dereva akawasha gari. Simu yangu ikasema sabini na kitu, ya Dereva ikazidi kidogo, ya Bi Mkunga nyekundu ikasema tisini na nne. Watu wakaanza kubishana, huyu anasema ya Maskati ndiyo bora, yule anasema mfuko wa ngozi umeiharibu. Sheha akainua mkono. "Zima kwanza, tusikilizane."

Dereva akazima. Watu wakanyamaza. Kikawa kimya kile cha Mji Mkongwe ambacho huja ghafla, hata njiwa wa juu ya bati unawasikia wakitembea.

Bi Mkunga alikuwa kalipa gari mgongo, kaishika simu yake kwa mikono miwili. Akainua uso.

"Haya, sikilizeni wenyewe!" alisema kwa nguvu. "Linanguruma namna hii, nani atalala?"

Macho ya watu yakaenda garini, kisha yakarudi kwake.

"Tisini na nne! Si hii hapa? Au mimi nasema uongo?" Akanigeukia, kwa kuwa nilikuwa karibu naye. "Si unasikia, mwanangu?"

"Nasikia, Bi," nikasema.

Nilidhani namsitiri. Dereva naye, ambaye angeweza kucheka, ambaye kesi yote ilikuwa imeshamwangukia mkononi kama embe bivu, alinitazama, akafahamu, akafanya jambo ambalo sitalisahau. "Radhi, Bi Mkunga," alisema. "Nalizima sasa hivi." Akaenda garini, akainama dirishani, akazungusha mkono mahali pa ufunguo ambao ulikuwa umeshazungushwa, akarudi. "Nshalizima."

Tungelimaliza hapo. Bi Mkunga angelikwenda zake na ushindi wake, nasi tungelibaki na siri yetu. Lakini aliitazama simu, na namba nyekundu haikushuka. Ilikuwa pale pale, tisini na nne. Akaitikisa. Akaitazama tena. Kisha akaligeukia gari, akatazama boneti lake lililotulia, akatupitia sote mmoja mmoja midomoni, na yote ilikuwa imefungwa. Mwisho akamtazama muuza kahawa. Mkono wa muuza kahawa ulikuwa juu, vikombe vinne katikati ya vidole, havigusani.

Yeye ndiye aliyekifundisha kichochoro hiki kuvinyamazisha vikombe vile. Alijua maana yake.

"Mmeninyamazia," alisema, safari hii kwa sauti ndogo sana, kama hakuwa na hakika inatoka. "Mmeninyamazia kama kwenye nyumba ya mgonjwa."

Akafunga mfuko wa simu, akapita katikati yetu, akaingia ndani. Dirisha likafungwa.

Nimejaribu kuipanga aibu ya siku ile kama ninavyopanga mambo mengine, imenishinda. Sheha aliona aibu kwa kuja. Dereva aliona aibu kwa kuileta programu ile. Mimi nikaona aibu kwa ile "nasikia" yangu, ambayo yeye hakuisikia ila aliisoma mdomoni, na akaja kufahamu baadaye kwamba ilikuwa uongo. Mama yangu alikaa kitandani, akasema polepole, "Kumbe salamu zetu zilikuwa hazimfikii." Akajifuta uso kwa upande wa leso.

Sheha hakutoa hukumu, wala Dereva hakuisubiri. Siku ya pili yake alilipeleka gari uwanjani mwenyewe, bila ya kuambiwa, na siku ya kliniki alimbeba mama yake mgongoni, akavuka naye barabara kubwa mbele ya maduka. Mama yule alijifunika uso kwa ushungi. Ushungi ule haukumficha. Kila mtu alimjua ni nani. Dirisha la Bi Mkunga lilifunguka kidogo wakati wanapita, likafungwa tena.

Hatukwenda kumtazama. Hilo ndilo baya kuliko yote. Tulipeleka vyakula, tukaviacha mlangoni, tukagonga kwa adabu, polepole, mlango wa mtu asiyesikia.

Nilimwona tena baada ya masika kwisha. Nilikuwa natoka sokoni Darajani na mkate mkononi, nikapita uwanjani, nikamkuta kasimama mbele ya gari la Dereva, kiganja chake kimetua juu ya boneti, vidole vimetanuka. Dereva alikuwa ndani, kashika usukani kama mwanafunzi anayefanyiwa mtihani.

"Washa," Bi Mkunga alimwambia.

Akawasha. Bi Mkunga akafumba macho. Kichwa chake kiliinama upande, kama kilivyoinama juu ya tumbo la dada yangu. Akausogeza mkono kidogo kushoto, akangoja.

"Zima," akasema. Alipohisi limezimika kweli, akafumbua macho. "Lirudishe mahali pake. Mama yako habebwi barabarani kama godoro."

"Bi Mkunga, lakini ile kelele…" Dereva aliongea na usukani.

"Nitazame usoni unaponisemesha!"

Watu wawili waliokuwa wakipita waligeuka. Sauti yake ilikuwa kubwa kupita kiasi, sauti ya mtu asiyejipima.

"Sisikii," akasema, kwa sauti ile ile, uwanja mzima ukisikia. "Haya, nshasema. Sisikii. Na nyinyi mnazidi kuninong'onezea, kila mmoja na adabu zake, kama mko matangani. Adabu gani hiyo isiyofika?"

Dereva alishuka garini. Alisimama mbele yake, akainua uso, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ile ya chini. Nilimfahamu. Tumelelewa kutompazia mkubwa sauti. Hata ukiwa na hasira, hata ukiwa na haraka, ukimsemesha mtu mzima sauti unaishusha. Bi Mkunga alikuwa anatutaka tumfanyie jambo ambalo tungelipigwa kwalo utotoni.

Akaniona. Akanitazama muda, na nilijua anakumbuka ile asubuhi barazani. Akatoa simu yake mfukoni, akafungua mfuko wa ngozi, akanipa.

"Itoe hiyo," alisema.

Nikaifungua. Programu ilikuwa bado inakwenda. Kumbe tangu siku ile hakuifunga. Nikaifuta mbele ya macho yake, nikamrudishia simu, na ikanijia kwamba sijamsalimu. Niliinamisha kichwa kwa mazoea, kisha nikakiinua tena. Nilivuta pumzi. Watu walikuwa wanatutazama, muuza machungwa kaacha kumenya, na uso wangu wote ulikuwa unawaka.

"Shikamoo, Bi Mkunga!" nikapiga ukelele.

Ukelele ule ukaenda mpaka kwenye maduka ukarudi. Mwanamke mmoja ng'ambo ya barabara aligeuka kunishangaa, huyu mtoto wa watu asiye na adabu ni wa nani.

"Marahaba," akajibu Bi Mkunga, hapo hapo, bila ya kunitazama mdomo.